Hesabu ya Mama

Mimi sibishani ovyo. Anayekwambia Mama Mapazia ni mbishi amesikia habari nusu. Nabishana pale tu ninapojua niko sawa, na bahati mbaya kwa watu wengine ni kwamba huwa niko sawa karibu kila siku.

Jina hilo nimelipata kwa kazi. Nashona mapazia. Chumba changu kina meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, na mabunda ya vitambaa yaliyopangwa hadi karibu na dari. Juu ya cherehani kubwa kuna rafu, na kwenye rafu kuna vikombe vya ushindi wa padeli, ambavyo navifuta kwa mkono wangu mwenyewe kila Ijumaa. Wateja wakija na vipimo vya madirisha yao huuliza, "Mama, vikombe hivi ni vya kijana wako?" Nami nawajibu pini zikiwa mdomoni, "Vyetu. Mimi na yeye."

Kijana huyo ndiye mtoto wangu wa pekee, fundi wa lifti. Baba yake alipofariki nilijifungia na cherehani nikawa natoka kwenda dukani tu, na hata dukani nilikuwa naenda na nyuzi zimeninasa kwenye nywele. Jumamosi moja akaja, akanitoa kitini, akanitia raketi mkononi. Nikamwambia, "Mimi na umri huu nikimbizane na mpira, umeona wapi?" Akasema, "Twende tu, mama." Nikaenda. Tangu siku hiyo Jumamosi ikawa yetu.

Kwa asiyeujua, padeli ni mchezo wa watu wanne, wawili kila upande wa wavu. Uwanja umezungushiwa kuta za kioo na waya. Mpira ukidunda chini mara moja unaweza kwenda kugonga kioo ukarudi na bado uko hai. Ukidunda chini mara ya pili, umekufa. Alama zake zina wazimu kidogo: kumi na tano, thelathini, arobaini, halafu gemu. Na hakuna refa. Wachezaji wanahesabu wenyewe, na yule anayeanzisha mpira ndiye anayetaja alama kwa sauti kabla hajapiga.

Hapo kwenye kutaja alama ndipo nilipokuwa naringa. Mtu akithubutu kusema, "Mama, si arobaini, ni thelathini," naweka raketi chini, nashika kiuno, namsomea mpira mmoja mmoja tangu ule wa kwanza, nani kaupiga, umeangukia wapi na nani kaukosa. Mwanangu husimama nyuma yangu na kusema maneno yake yale yale: "Hesabu ya mama ndiyo hesabu." Wale wa upande wa pili wanatazamana, wanatazama juu ya bega langu, wanatabasamu kidogo, kisha wanasema, "Haya mama, endelea." Nami naendelea. Nilikuwa naona raha jamani, siwezi kuficha. Nyumbani hakuna wa kubishana naye, lakini pale nikifungua mdomo watu wazima wananyamaza.

Kisha mwanangu akaoa.

Mkwe wangu anafanya kazi kwenye duka la miwani. Anakuweka kitini, anazima taa, anakuuliza herufi hii inaonekana au haionekani. Mimi namwita Mpima Macho, na nikisema hivyo mwanangu anajua mara moja kama siku hiyo nimeamka vizuri au vibaya. Ni msichana mrefu, mkavu wa maneno. Ukimuuliza chakula kina chumvi atakwambia hakina. Mtu mwingine angesema, "Kitamu sana, mama," halafu angetia chumvi kimyakimya. Yeye hapana.

Nilimshonea mapazia ya sebuleni ya arusi, kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, mshono wa kukunja mara mbili, kazi ya kutoa jasho. Nilipokwenda kuwatembelea nikayakuta chumba cha wageni. Cha wageni! Nikauliza kwa upole kabisa, "Kulikoni?" Akanijibu, "Mama, yanazuia mwanga, na mimi napenda mwanga." Mwanangu akacheka, akasema, "Huyu na mwanga wake!" Alivyomtazama aliposema vile, roho iliniuma hadi chai ikanishinda. Sijapata kutazamwa hivyo na mtu yeyote tangu baba yake alale kaburini, na huyu anatazamwa hivyo kwa sababu ya dirisha.

Ndiyo, nilikuwa na wivu. Kwa nini nizungukezunguke? Nilimwonea wivu kwa namna mwanangu alivyombebea mfuko. Nilimwonea wivu kwa simu ya asubuhi, ambayo zamani ilikuwa yangu, nikiwa nawasha pasi, na sasa ikageuka ujumbe mfupi wa "umeamkaje mama" unaofika saa yoyote ile. Nikitazama simu naona kabisa kwamba ameuandika huku mtu mwingine anamwongelesha.

Lakini lililonikata maini lilikuwa la uwanjani. Msichana alianza kuja nasi Jumamosi, akajifunza haraka mno, akatafuta mwenzake wa kucheza naye, yule kinyozi mnene mwenye kucheka sana ambaye duka lake linatazamana na chumba changu cha kushonea. Mara ya kwanza tulipokutana wanne, nikataja alama yangu. Akasema toka ng'ambo ya wavu, "Hapana, mama. Ni thelathini kumi na tano."

Nikaweka raketi chini. Nikashika kiuno. Nikamsomea. Naye akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Huo wa tatu uligonga waya kabla ya kudunda. Ni wetu."

Nikangoja. Nilikuwa nangoja mwanangu aseme maneno yake. Hakusema. Alijikuna kichwa, akatazama viatu, kisha akasema, "Basi turudie mpira, yaishe." Turudie! Tangu lini hesabu ya mama inarudiwa? Mpira ukarudiwa na tukaushinda, lakini mimi nilikwenda nyumbani nimevimba kama andazi.

Sasa, kila mwaka uwanja wetu unatoa jozi moja ya kwenda kushindana na viwanja vingine. Jozi hiyo ilikuwa mimi na mwanangu. Haikuwa hata na mjadala. Jumapili moja wakaja kula kwangu. Tulipomaliza, mwanangu akaanza kupanga vijiko kwenye sahani, kimoja kimoja, na mimi namjua, akipanga vijiko ujue kuna neno.

"Mama, kuhusu mashindano... nilikuwa nafikiria, mwaka huu, labda upumzike."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Hakuna aliyesema umechoka."

"Nani amelileta hili wazo?"

"Mimi," akasema Mpima Macho, bila hata kuweka glasi chini. "Nataka kucheza na mume wangu. Nimemwomba."

Ebo! Ananiambia hivyo mezani kwangu, na wali wangu bado uko tumboni mwake. Mori ukanipanda. Nikasema, "Vizuri sana. Jumamosi. Mimi na mwanangu upande huu, wewe na Kinyozi wako upande ule. Seti moja, wa kwanza kufikisha gemu sita. Mkishinda, mchukue uende naye. Tukishinda, hili neno lisirudi tena mezani kwangu."

"Mama, si lazima iwe hivyo," mwanangu akasema.

"Nimekubali," akasema mkewe.

Wiki ile sikushona kitu cha maana. Nilikata pazia la mteja fupi, mimi, nikalazimika kuliongezea pindo la rangi nyingine na kumdanganya mwenye pazia kwamba ndiyo mtindo wa sasa. Kila nikikanyaga cherehani naona mwanangu yuko uwanja wa mbali na yule msichana, wanapigana viganja baada ya mpira mzuri, na mimi niko hapa na vikombe vyangu vya zamani. Ukweli ni kwamba kikombe kilikuwa hakinihusu. Nilichotaka ni awe wangu kwa kitu kimoja. Mambo mengine yote nilikuwa nimeshampa.

Jumamosi tulianza jua likiwa bado lina nguvu. Sisi tukachukua gemu, wao wakachukua gemu, tukafika tano kwa tano, na waliopewa uwanja baada yetu wakawa wameshakuja wanafunga kamba za viatu kwenye benchi. Kinyozi akasema tumalize kwa gemu moja, atakayeishinda ndiye mshindi wa seti. Wote tukakubali. Zamu ya kuanzisha ilikuwa yangu.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Sikutaja alama kwa sauti. Nilijua nikitaja tu huyu atasema "hapana, mama," na sikuwa na nguvu ya kuisikia hiyo "hapana". Nikajiambia nitahesabu moyoni.

Mpira wa kwanza mwanangu aliusukuma chini kwa nguvu, ukadunda upande wao, ukapaa juu ya waya ukatoka nje, na ukitoka hivyo ni alama ya aliyeupiga. Kumi na tano bila. Huo kila mtu aliuona.

Mpira wa pili Kinyozi aliurusha juu, ukadunda nyuma yetu, ukagonga kioo na kurudi mfupi, karibu na waya. Mwanangu akaukimbilia. Mguu ukateleza, akaanguka vibaya, goti na kiwiko vikapiga sakafu, lakini raketi ilikuwa imeshaufikia mpira na kuuvusha wavu ukaangukia upande wao. Nikapiga kelele, "Mara moja!" maana yangu mpira ulidunda mara moja tu kabla hajauvusha. Papo hapo msichana naye akapiga kelele, "Mara mbili!" Kisha wote tukamkimbilia aliyeanguka. Mimi nikamshika mkono wa kulia, yeye akaruka wavu na kumshika wa kushoto, kila mtu anavuta kwake, hadi mwenyewe akasema, "Mtanivunja nyinyi, siyo sakafu." Hakuwa ameumia. Tukacheka kidogo, tukarudi sehemu zetu, nami nikaanzisha mpira wa tatu. Ule wa pili hakuna aliyeutaja tena.

Wa tatu tukaukosa. Wa nne tukaupata. Wa tano Kinyozi alitupiga katikati, mimi nikadhani ni wa mwanangu na mwanangu akadhani ni wangu.

Giza lilikuwa linaingia, taa za uwanja zikawashwa. Nikashusha pumzi nikajiambia sasa lazima nitaje, maana huu ndio wa kumaliza. "Arobaini thelathini!"

"Hapana, mama," ikaja sauti. "Thelathini arobaini. Wa kumaliza ni wetu."

Nikauendea wavu. Sikuweka raketi chini, nilikwenda nayo. Mwanangu akanifuata nyuma. Nikamsomea: wa kwanza wetu, wa pili wetu, wa tatu wenu, wa nne wetu, wa tano wenu. Tatu kwa mbili. Arobaini thelathini.

"Wa pili haukuwa wenu," akasema. "Ulidunda mara mbili."

"Ulidunda mara moja!"

"Mbili."

"Wewe unapima macho ya watu, nani atakupima yako?"

Hakucheka. Alinyoosha raketi kuelekea mlangoni, kwenye ubao wa sheria za uwanja. "Mama, ubao unasema mkibishana alama, hesabuni mipira mnayokubaliana wote, ule wa ugomvi uwekeni kando. Tukiutoa wa pili, nyinyi mbili, sisi mbili. Thelathini thelathini. Mimi niko tayari."

"Wa ugomvi tuuweke kando! Na mwanangu je, naye tumweke kando?"

Lilinitoka hivyo hivyo. Kule kwenye benchi wale wanaongoja wakaacha kufunga kamba. Kinyozi akakohoa, akatazama juu ya bega langu, akatabasamu kidogo, akasema, "Haya mama, arobaini thelathini. Endelea."

Tabasamu lile nilikuwa nalijua. Nimelipewa miaka yote. Lakini siku hiyo nje kulikuwa giza na ndani taa zinawaka, na kioo kilicho nyuma ya Kinyozi kilikuwa kimegeuka kama kile cha kujitazamia chumbani. Nikajiona mle ndani, nimeshika kiuno, kifua mbele. Na nyuma yangu nikamwona mwanangu. Ameweka kidole mdomoni, na kwa mkono wa pili anapepea kiganja chini, taratibu, kama unavyomtuliza mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Mwachieni. Mwachieni tu.

"Mimi usinipungie mkono," Mpima Macho akamwambia kwa sauti ya watu wote kusikia. "Mimi simwachii."

Nikageuka. Mkono wa mwanangu ulikuwa bado uko hewani.

"Unampungia nani?"

"Mama..."

"Nimekuuliza. Unampungia nani, na tangu lini?"

Alishusha mkono. Mwanangu mkubwa vile, anayeingia kwenye mashimo ya lifti bila hofu, aliongea akitazama viatu vyake. "Tangu baba alipofariki. Ulikuwa unakuja hapa macho yamevimba. Ukishindwa unarudi nyumbani huli. Ukishinda unakula, unacheka, unanipigia simu kunisimulia mpira mmoja mmoja. Nikawaomba watu."

"Watu gani?"

"Wote, mama."

Nikamtazama Kinyozi. Kinyozi alikuwa amepata kitu cha kukagua kwenye raketi yake. "Hata wewe?"

"Ni heshima tu, mama," akasema. "Sisi wote tunakupenda."

Heshima! Kumbe miaka yote nimevikwa kilemba cha ukoka, nami natembea nacho mjini nimenyoosha shingo. Nikavikumbuka vile vikombe na kitambaa changu cha kuvifutia. Nikawakumbuka wateja, "vyetu, mimi na yeye." Nilisikia uso unawaka moto. Nilitaka kumzaba kofi mwanangu na nilitaka kumkumbatia, na katikati ya hayo yote nikamtazama yule msichana aliyesimama ng'ambo ya wavu amekunja uso, nikasikia wivu mpya kabisa, mkali kuliko wa mapazia. Huyu hakuna anayemwonea huruma. Akishinda, ameshinda.

Nikarudi kwenye mstari wangu. Nikaokota mpira.

"Thelathini arobaini," nikataja, kwa sauti yangu ile ya zamani. "Mpira wa pili sikuuona. Nilikuwa namtazama mwanangu anaanguka. Mpeni mwenye macho."

Nikainua raketi nianzishe. Ulikuwa mpira wao wa kumaliza. Mmoja tu na mwanangu anaondoka upande wangu. Nilijua hivyo.

"Subiri," akasema Mpima Macho.

"Nini tena? Si nimekupa?"

"Usinipe." Alikuwa ameuma mdomo. Kwa mara ya kwanza nilimwona hana pa kuweka mikono. "Mama, hata mimi sikuuona. Nilikuwa namtazama yeye."

"Sasa mbona ulipiga kelele mara mbili?"

"Kwa sababu wewe ulisema mara moja."

Kinyozi akaangua kicheko kisha akakimeza kilipofika kati. Mimi sikucheka. "Kwa hiyo ulitaka kunipokonya mtoto kwa mpira usiouona?"

Hapo akafura kweli. Alishika wavu kwa mikono miwili. "Na mimi je? Unajua tangu nimemjua hajawahi kuniachia mpira hata mmoja? Nikikosea anasema umekosea. Nikibisha anabisha. Wewe amekuombea uwanja mzima! Kila tukishinda anatazama kwanza kama umefurahi. Hata leo tumekuja hapa ananiambia njiani, 'Nenda naye polepole.' Mimi ni mke wake, na hakuna aliyewahi kuambiwa aende nami polepole."

Alimaliza akiwa anahema. Mwanangu akafungua mdomo, sisi wawili tukamwambia kwa pamoja, "Wewe nyamaza!"

Nikamtazama mkewe. Msichana huyu mwenye simu ya asubuhi, mwenye mfuko wa kubebewa, mwenye mwanga wake sebuleni, kumbe naye alikuwa analala anageukageuka kwa sababu yangu. Sitasema nilimhurumia. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Halafu furaha ikaisha nikaona aibu yake na aibu yangu zimelingana.

"Thelathini thelathini," nikasema.

"Thelathini thelathini," akajibu.

"Na wewe," nikamwambia mwanangu, "nikiuona tena mkono wako hewani nitaukata kwa mkasi wa kukatia turubai."

Nikaanzisha. Mpira ukaenda kwa Kinyozi, akanirudishia laini laini, mazoea ni kitu kibaya. Mkwe wangu akamgeukia kwa jicho, na mimi nikautumia mwanya huo: nikauinua mpira juu kabisa, ukadunda kwenye kona yao, ukagonga kioo kimoja ukaenda cha pili, ukafia hapo chini. Hakuna aliyeugusa. Nikamtazama msichana. Akasema, "Safi, huo." Wa kwake haukuwa uso wa kuachia mtu kitu. Niliruka juu kama kichaa, goti langu linalouma na yote. Arobaini thelathini, na hii ilikuwa ya kweli.

Uliofuata wakauchukua wao. Arobaini arobaini, na kwetu ikifika hapo ni mpira mmoja tu wa kukata maneno.

Nilianzisha vizuri. Tulipigana nao huo mpira, sijui umekwenda na kurudi mara ngapi. Mwanangu alicheza kama ambavyo sijawahi kumwona akicheza nami, hapigi tena kwa kunitazama, anapiga kwa kutaka. Kisha ukapaa juu karibu na wavu, upande wao, na Mpima Macho akaja chini yake. Nilimwona anavyojiandaa. Angeweza kuupeleka pembeni, pa wazi. Aliutuma moja kwa moja kwenye miguu yangu, kwa nguvu zake zote. Niliingiza raketi nimechelewa. Mpira ukanigonga kwenye mfupa wa mguu, ukabingirika hadi kwenye waya.

Sisi tulikuwa tumefungwa. Mwanangu alikuwa wa mkewe.

Akanijia mbio, mikono wazi, uso umemlegea kwa huruma. "Pole, mama."

"Usinipe pole. Nenda kambebee mkeo mfuko."

Alisita. Nikamsukuma kidogo begani, akaenda. Nilimtazama akivuka upande wa pili, na sitadanganya, roho iliniuma palepale pa siku zote. Aliposimama karibu naye, alivyomfutia jasho la shingo kwa ncha ya fulana, iliniuma zaidi. Wivu siyo doa la chai kwamba ukilisugua linatoka.

Wale waliokuwa wanangoja wakaingia uwanjani. Mimi nikakaa kwenye benchi navua kiatu, naangalia mguu. Palikuwa pameanza kuvimba, alama nyekundu ya mviringo kabisa. Nikaibonyeza. Iliuma vizuri.

Kivuli kikanisimamia. Alikuwa yeye, na nywele zimemlowa, peke yake.

"Imekuumiza, mama?"

"Imeniumiza."

"Nilikusudia."

"Najua." Nikavaa kiatu changu, nikakaza kamba. "Mwenzio akienda kazini Jumanne jioni, wewe unafanya nini?"

"Sifanyi kitu."

"Njoo hapa tucheze. Mlete na Kinyozi, mimi nitatafuta wa kwangu. Na nikikosea hesabu uniambie. Usije ukaniachia."

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza herufi ya mwisho kabisa kwenye ule ubao wao, ile ndogo isiyosomeka.

"Nikuachie nini, mama?" akasema. "Njoo umejiandaa."